Risala ya Mwenyekiti: Asilimia 10 Si Sadaka



Tumetimiza miaka kumi, na sanduku letu lingali na kufuli zake tatu. Leo tuseme juu ya mikopo ya halmashauri, maana wapo wanaoiita sadaka. Hapana. Mwaka 2018 Bunge lilirekebisha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa: kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, tena bila riba. Na mapato hayo huku kwetu Masasi yanatoka wapi? Ushuru wa korosho umo. Korosho anaziokota nani? Msicheke, ndivyo.

Mikopo iliposimamishwa Aprili 2023 tulibaki na hisa zetu tu. Salfa ya ruzuku ni sawa, lakini vibarua wa palizi, kukodi mashine na petroli yake ni juu yetu.

Mwaka 2024 mikopo ilirudishwa, tunashukuru. Ila mwaka wa fedha huanza Julai, na mikorosho haingoji Julai. Tunamwomba mgeni rasmi atufikishie hilo halmashauri, na matangazo yabandikwe mapema kwenye ofisi za vijiji.