Jicho Lisilosaidiwa na Miwani

Wasikilizaji wamekwisha kusikia habari za SPECS 2030, mpango ambao Shirika la Afya Duniani liliuzindua Geneva mwezi Mei 2024 ili watu wengi zaidi wapate miwani inayowafaa, na hakuna haja ya kurudia hotuba zake. Lengo lenyewe, lililopitishwa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2021, ni jema na limechelewa, kwa kuwa kwa makadirio ya Shirika hilo ni asilimia 36 tu ya watu ambao kasoro ya jicho inawanyima kuona mbali ndio waliopata miwani sahihi. Kinachokitia wasiwasi kituo hiki ni hesabu itakayofuata, yaani hesabu ya miwani iliyogawiwa, itakayosomwa kana kwamba ni hesabu ya macho yaliyoona. Miwani si jibu la kila jicho.

Yuko mgonjwa wa keratokonasi, maradhi ambayo konea, yaani ngozi angavu iliyo mbele ya jicho, hukonda taratibu na kuchomoza kwa umbo la pia, mara nyingi kuanzia umri wa kubalehe. Miwani husahihisha konea iliyopinda kwa mpangilio, lakini konea iliyochomoza haina mpangilio huo, na ndiyo sababu kijana wa namna hii hubadilishiwa miwani mwaka hadi mwaka huku taa moja ikiendelea kumtokea kama taa tatu zenye mikia, na darasani akihesabiwa kuwa mvivu. Miwani ilihesabiwa, jicho halikuona.

Kinachomfaa ni lenzi ngumu inayopitisha hewa, iliyochongwa kwa vipimo vya jicho lake, na pale konea ilipoharibika zaidi au jicho linapokauka kupita kiasi, lenzi ya sklera, ambayo haiigusi konea bali hutua juu ya sklera, yaani weupe wa jicho. Wazo hili si geni hata kidogo, kwani mwaka 1888 Adolf Fick huko Zürich na Eugène Kalt huko Paris walikwisha kujaribu lenzi za kioo, Kalt akiwalenga hasa wagonjwa wa keratokonasi.

Leo mtaalamu wa optometria hupima konea kwa mashine inayochora miinuko yake, huijaza lenzi ya sklera maji safi ya chumvi pamoja na tone la rangi ya fluoresini, humwinamisha mgonjwa uso ukitazama sakafu, kisha huipachika bila kuacha hata kiputo kimoja cha hewa. Chini ya mwanga wa buluu rangi hiyo hung'aa kijani na kuonyesha nafasi iliyopo kati ya lenzi na konea, nafasi ambayo hupungua kadiri lenzi inavyotulia, hivyo kipimo hurudiwa, na mara nyingi lenzi ya kwanza hurudishwa kuchongwa upya. Kazi ya namna hii haigawiwi kwa maelfu uwanjani, na kwa sababu haigawiwi kwa maelfu haihesabiwi, na kisichohesabiwa hakitengewi fedha. Miwani si jibu la kila jicho.

Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria mpya za bima ya afya mwaka 2023, na wanaopanga vitita vya mafao wasizitie lenzi hizi katika fungu la urembo, kwa maana kwa mgonjwa huyu lenzi ndiyo kazi, ndiyo shule, ndiyo barabara anayovuka. Vyuo vinavyofundisha optometria navyo vipewe mashine za kupimia konea na wakufunzi wa kuzitumia. Mzazi amzuie mtoto mwenye mzio kufikicha macho, na ampeleke kliniki mapema, maana matibabu ya kuikaza konea kwa vitamini B2 na mionzi ya urujuanimno husimamisha ugonjwa lakini kwa kawaida hayarudishi uoni uliokwisha kupotea. Aliyekwisha kupata lenzi asiioshe kwa maji ya bomba, ambamo huweza kuwamo amiba wanaoshambulia konea. Na yeyote anayebadilishiwa miwani kila mara bila kupata nafuu asikubali kulipia nyingine. Adai konea yake ipimwe kwanza!