Mafuta ya Karafuu na Mchaichai Nyumbani: Tone na Kijiko



Mchumaji wa karafuu kisiwani Pemba hushusha vitu viwili mtini kwa mkono mmoja: karafuu yenyewe na kikonyo chake. Karafuu huchambuliwa, huanikwa majamvini, kisha hupelekwa kituoni kuuzwa. Makonyo nayo hayatupwi. Hupelekwa katika kiwanda kilichoko Wawi, nje kidogo ya mji wa Chake Chake, yakapikwa kwa mvuke hata yakatoa mafuta. Mafuta ya namna hiyo, pamoja na ya mchaichai, ya mkaratusi na ya mdalasini, ndiyo yaliyomo katika vichupa vidogo vinavyouzwa siku hizi madukani na sokoni, mtu apate kutuliza jino, kukanda mgongo uliochoka, au kuipa nyumba harufu njema.

Watu wa pwani hawakungoja kufundishwa thamani ya harufu. Asumini na kilua, kikuba cha bibi harusi, singo ya kumsugulia mwari, udi wa kufukizia nguo: yote hayo ni elimu ya wazee, na lengo lake ni kuuburudisha mwili na kuituliza roho. Mwaka 1937 mkemia wa Kifaransa, René-Maurice Gattefossé, alipochapa kitabu chake kiitwacho Aromathérapie, aliupa ulimwengu jina jipya. Jina ni la juzi, jambo lenyewe ni la kale.

Lakini kuna tofauti moja kubwa baina ya elimu ile ya wazee na kichupa cha leo, nayo ndiyo sababu ya mazungumzo haya. Wazee walitumia jani, ua na gome. Kichupa hakina jani. Kina nguvu ya majani mengi iliyokusanywa mahali pamoja. Kilo 100 za karafuu kavu hutoa kilo 15 hadi 20 za mafuta. Makonyo ya uzito huo hutoa kilo 5 au 6 tu, na majani ya mkarafuu kilo 2 au 3. Mchaichai mbichi ni bahili zaidi: kilo 100 aghalabu hazifiki nusu kilo ya mafuta. Basi mama aliyezoea kutia konzi ya mchaichai katika birika la chai, akadhani kijiko cha mafuta ya mchaichai ni kitu kile kile, amekosea hesabu kwa kiasi cha kutisha. Chai ya mchaichai ni kinywaji. Mafuta yake si kinywaji.

Namna yanavyopatikana si fumbo. Mvuke hupitishwa katika majani au makonyo, hubeba mafuta, kisha hupita katika bomba lililozungukwa na maji baridi na kurudi kuwa maji. Hapo mafuta hujitenga. Ya mchaichai huelea juu ya maji. Ya karafuu, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, huzama chini. Chama kinachotaka kununua mtambo hakina budi kulijua hilo, kwa maana chombo cha kutengea mafuta yanayoelea hakifai kwa yale yanayozama.

Tuanze na jino, maana ndilo liwapelekalo watu wengi kwenye mafuta ya karafuu. Ndani ya mafuta hayo mna kitu kiitwacho yujenoli, na ndicho sehemu yake kubwa kabisa. Yujenoli hutia ganzi mshipa wa jino. Waganga wa meno nao huitumia, wakiichanganya na oksidi ya zinki kupata dawa ya kuzibia jino kwa muda. Kwa hiyo bibi aliyemwekea mjukuu karafuu kwenye jino hakuwa akibahatisha. Hata hivyo ganzi siyo tiba. Tundu linabaki, uozo unaendelea, na mtu anayepaka mafuta hayo kila siku kwa wiki nzima huunguza ufizi wake huku jino likizidi kuharibika. Mtu mzima aguse jino kwa pamba iliyotiwa tone moja, mara moja au mbili, apate usiku mmoja wa usingizi. Asubuhi aende kwa mganga wa meno.

Kwa kukanda, mafuta haya hayapakwi matupu. Huchanganywa na mafuta ya nazi, ya ufuta au ya alizeti, ambayo hayakosekani katika nyumba za wanaushirika. Kipimo salama ni kidogo kuliko wengi wanavyodhani: kwa kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya nazi, tone moja tu la karafuu, au matone mawili ya mchaichai. Kwanza mchanganyiko upakwe sehemu ndogo ya ndani ya mkono, na mtu angoje hadi kesho yake. Pakiwasha au pakiwa pekundu, aache. Usoni, penye kidonda na machoni yasifike kabisa, na mjamzito amuulize mkunga au daktari kwanza.

Kuhusu nyungu, yafaa kusema wazi. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa UVIKO-19, desturi ya kujifukiza ilishika sana Tanzania. Mvuke wa mkaratusi humfanya mwenye mafua ajisikie anapumua vizuri, na hiyo ni nafuu ya kweli. Kuponya ugonjwa ni jambo jingine, ambalo halikuthibitika. Lililothibitika ni kwamba sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka ni hatari, na hospitali za nchi mbalimbali zilipokea watoto waliounguzwa na maji ya namna hiyo. Mtoto mdogo asifunikwe shuka juu ya mvuke, wala asipakwe mafuta ya mkaratusi puani au kifuani.

Harufu ya mchaichai huwafukuza mbu, ila hupeperuka upesi. Chandarua kibaki kitandani.

Na utulivu wa moyo je? Harufu hupita puani ikafika upesi katika sehemu za ubongo zinazohusika na kumbukumbu na hisia. Ndiyo maana harufu ya asumini yaweza kumrudisha mtu katika harusi ya miaka 30 iliyopita. Matone mawili katika bakuli la maji ya moto chumbani, baada ya siku ya shamba, yaweza kumpumzisha mtu, na hakuna haja ya kumdhihaki anayesema hivyo. Asiyestahili heshima ni muuzaji anayesema mafuta yale yale yanaponya malaria, kisukari na shinikizo la damu. Mgonjwa akimwamini, huacha vidonge vyake.

Hapa vyama vya msingi vina kazi. Chama kinachokamua na kuuza mafuta ndicho kinachomjua mnunuzi, mara nyingi kwa jina. Kipime mafuta kabla ya kuyatia chupani: tone moja juu ya karatasi nyeupe likauke, likiacha doa la mafuta lisilotoweka, huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Jaribio hilo halikamati kila udanganyifu, lakini hukamata ule wa kivivu. Chupa iwe ya kioo cheusi au cha kahawia, yenye kizibo cha kudondoshea tone moja moja.

Zaidi ya yote, chupa iwekwe juu asikofika mtoto. Mafuta ya karafuu kiasi cha kijiko kimoja au viwili vya chai yamewahi kumpoteza mtoto mdogo fahamu na kudhuru ini lake. Mtoto akiyanywa, asitapishwe, kwa kuwa mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe hospitali mara moja, na chupa ichukuliwe pamoja naye ili daktari aione. Kwa sababu hiyo lebo iandikwe kwa Kiswahili, itaje mmea, uzito, mwezi wa kukamuliwa na neno "Yasinywewe". Nayo ichapwe kwa wino usiofutwa na mafuta, kwani mafuta ya karafuu hufuta wino wa kawaida tone la kwanza linapochuruzika.