Kompyuta Ikigoma, Okoa Vitabu Kwanza

Mazungumzo haya yalitolewa mbele ya makatibu na waweka hazina wa vikundi vya akiba, ambao wengi wao huweka hesabu za kikundi kwenye kompyuta ya nyumbani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya kompyuta zinazogoma. Mimi si mhandisi. Nilikuwa mwalimu, nikastaafu, nikapewa kazi ya uweka hazina kwa sababu tu nilikuwa na kompyuta nyumbani. Haya ninayoyajua nimeyajua kwa kuungua, kama mtoto anavyoujua moto.

Acheni nianze na aibu yangu. Ilikuwa mwaka wa 2019. Kikundi chetu kilikuwa na wanachama 31, na hesabu za miaka mitatu zilikuwa ndani ya ile kompyuta: nani ana hisa ngapi, nani amekopa, nani amebakisha kulipa. Asubuhi moja nikaiwasha, ikatoa kioo cha buluu chenye maandishi ya Kiingereza, ikazima, ikajiwasha, ikarudia yale yale. Nikaibeba kwa pikipiki hadi kwa fundi mjini. Fundi akaniuliza swali moja tu: "Mwalimu, nipige Windows mpya?" Nikamwambia, "Fanya unavyojua, bora iwake." Jioni ikawaka vizuri sana. Ilikuwa tupu kama debe. Na fundi hakukosea, alifanya nililomwambia.

Tulichukua majuma sita kuzirudisha hesabu kutoka kwa vijitabu vya wanachama na ujumbe wa M-Pesa uliobaki kwenye simu. Kulikuwa na mama mmoja mjane ambaye kijitabu chake kilikuwa kimenyeshewa, na simu alikuwa amebadilisha. Akasema hisa zake ni shilingi 14,600. Hakuna aliyeweza kumbishia, na hakuna aliyeweza kumuunga mkono. Kikundi kilimwamini, lakini wawili walinung'unika, na mmoja wao akatoka. Mama yule hakusema neno, ila tangu siku hiyo huleta kijitabu chake kila mkutano nikitie sahihi mbele ya watu. Namwelewa.

Sasa, tuelewane kidogo juu ya kitu chenyewe. Kompyuta ina vitu vya kushika: kioo, kibodi, diski. Halafu ina msimamizi asiyeonekana, ambaye kwa Kiswahili cha vitabuni anaitwa mfumo endeshi. Ukibonyeza herufi, yeye ndiye anaipokea. Ukihifadhi hesabu, yeye ndiye anajua imewekwa wapi. Kwa wengi wetu msimamizi huyo ni Windows. Akiugua yeye, kompyuta nzima inaonekana imekufa, na hapo ndipo tunapopoteza akili. Lakini hesabu zako si sehemu ya mwili wake. Ziko kando kwenye diski ile ile, na mara nyingi ni salama kabisa. Msimamizi unaweza kuajiri mwingine kwa muda wa saa mbili. Hesabu za mama yule, nani atakuajiria?

Kwa hivyo kompyuta ikikataa kuwaka, usiulize kwanza itawakaje. Uliza vitabu viko wapi. Kama una nakala mahali pengine, unaweza kulala. Kama huna, kazi ya kwanza ni kuvitoa. Fundi anaweza kuifungua kompyuta, achomoe diski, aiunganishe na kompyuta nyingine kwa waya, na faili zako zikaonekana pale. Au aiwashe kwa flashi yenye mfumo mwingine, kama vile Linux, bila kugusa Windows iliyo ndani. Mwambie hivi: toa faili zangu, nizione kwa macho yangu kwenye kompyuta nyingine, ndipo uguse mfumo. Na ukae hapo hapo akifanya. Namba za vitambulisho na za simu za wanachama ziko mle, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 hilo si jambo la kumwachia mtu yeyote tu.

Kuna mtego mmoja kwa wenye kompyuta za karibuni. Baadhi yao diski imefungwa kwa kufuli linaloitwa BitLocker, pengine bila wewe kujua. Ikitolewa nje haisomeki, mpaka uwe na ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo mara nyingi huhifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Utafute leo, kompyuta ikiwa nzima, uuandike kwenye karatasi, uweke pamoja na hati ya shamba.

Na kama diski yenyewe inagonga, ka-ka-ka, kama kuku anayedonoa bati, zima mara moja. Usiwashe tena na tena ukitumaini. Kila ukiwasha unaimaliza.

Vitabu vikishakuwa salama, sasa tutafute ugonjwa. Si kila kioo cha buluu ni kifo. Windows 10 na Windows 11 zikishindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo, zenyewe hufungua ukurasa wa kujirekebisha. Humo mna njia ya kuwasha kwa hali ya tahadhari, iliyoandikwa Safe Mode, ambapo msimamizi anaamka na vitu vichache tu. Akiamka hivyo, basi huenda kinachomwangusha ni programu uliyoongeza juzi. Ing'oe, uiwashe upya. Nitawapa mfano mkubwa. Tarehe 19 Julai 2024, kampuni ya ulinzi wa kompyuta ya CrowdStrike ilituma faili moja mbovu, na kompyuta kama milioni 8 na nusu duniani zikaanguka kwa kioo cha buluu. Ndege zikakwama, hospitali zikakwama. Dawa iliyotolewa kwanza ilikuwa nini? Kuingia kwa hali ya tahadhari, kufuta faili ile moja, kuwasha tena. Basi. Sasa fikiria kama kila mmoja angesema "piga Windows mpya."

Humo humo kuna pahali pa kurudisha mfumo ulivyokuwa siku zilizopita, kama ulinzi huo uliwashwa mapema. Na kama kompyuta inawaka lakini ina vituko, fungua lile dirisha jeusi la amri kwa ruhusa ya mkubwa wa kompyuta, uandike sfc /scannow, ubonyeze Enter, uende ukachemshe chai. Itakagua faili za msimamizi na kurekebisha zilizoharibika. Haigusi hesabu zako. Lakini ukiona mahali pameandikwa Reset, soma mara mbili. Pale kuna njia mbili: moja inaacha faili zako na kung'oa programu, nyingine inafagia kila kitu. Zinakaa jirani kama chumvi na sukari.

Kuna ugonjwa mmoja ninaoupenda kwa sababu dawa yake ni peremende. Kompyuta nyingi tunazonunua ni zile zilizotumika ofisini huko Ulaya zikaletwa huku. Ndani yake kuna betri ndogo ya duara, kama sarafu, iliyoandikwa CR2032, ambayo hutunza saa stima ikiwa imezimwa. Ikichoka, kila ukiwasha asubuhi kompyuta inadhani ni miaka mingi iliyopita. Halafu unajaribu kufungua benki au barua pepe, inakwambia mahali hapa si salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya intaneti vina tarehe, na kwa saa yako bado havijaanza kufanya kazi. Watu wamefomati kompyuta kwa ajili hiyo! Wamelipa fundi, wamepoteza faili, na saa ikarudi nyuma kesho yake stima ilipopotea. Angalieni tarehe pale pembeni mwa kioo kabla ya kulia.

Kingine ni flashi kutoka saiba. Umeenda kuchapisha barua, umerudi, umechomeka, na folda zako zote zimekuwa vishale vya njia ya mkato. Unabonyeza, hakuna kitu. Wengine husema hesabu zimeliwa na virusi, wanaifuta flashi. Ngojeni! Kwa kawaida virusi vya aina hiyo huzificha tu faili na kuweka vishale vya uongo mahali pake. Usivibonyeze. Pitisha antivairasi kwanza, kisha, kama flashi imejitokeza kama E, andika kwenye dirisha jeusi attrib -h -r -s E:\*.* /s /d nazo zitatokea tena. Nimeona mama akipiga vigelegele mbele ya kompyuta siku faili zake ziliporudi.

Juu ya stima sina mengi. Ikipotea ghafla wakati msimamizi anaandika kwenye diski, anaachwa na kazi nusu. Laptopu yenye betri nzima ni afadhali, au UPS ndogo ikupe dakika za kuzima kwa heshima. Na diski isijazwe mpaka pomoni, inahitaji nafasi ya kujigeuza.

Haya, masahihisho, zile apdeti. Najua mnazizima, kwa sababu zinakula bando. Mimi pia nilizizima. Mei 2017 virusi vilivyoitwa WannaCry vilifunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150 na kudai fidia, hata hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Masahihisho ya kuziba ufa ule kwenye mifumo iliyokuwa bado inahudumiwa yalikuwa yametolewa Machi mwaka huo huo, miezi miwili mapema. Waliofungiwa wengi hawakuwa wameyaweka. Ukitumia intaneti ya simu, iambie Windows kwamba mtandao huo unalipiwa kwa kipimo, nayo itazuia mizigo mingi mikubwa. Kisha mara moja kwa mwezi, nenda mahali penye Wi-Fi uiache ijilishe. Microsoft hutoa masahihisho Jumanne ya pili ya kila mwezi, hivyo mwishoni mwa juma lile ni wakati mzuri.

Na hapa kuna jambo linalotugusa wengi humu. Windows 10 iliacha kupewa masahihisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watu wa nyumbani iliwekwa njia ya kujiandikisha kupata ya usalama tu hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti: kumbukumbu ya GB 4, kijisanduku cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa isiyo kuukuu. Kompyuta zetu za mitumba nyingi haziruki kizingiti hicho. Maoni yangu, na mnaweza kunipinga, ni kwamba kwa kuandika barua na hesabu, kompyuta ya namna hiyo iwekewe Linux. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka wa 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ni ya bure, na jina lake mnalielewa bila mkalimani: ni utu. Linux Mint inafanana zaidi na mlichozoea. Faili za Excel zinafunguka kwa LibreOffice, ingawa mpangilio mwingine huyumba kidogo, kwa hivyo jaribuni kwa flashi kabla ya kuhama.

Kwetu siku hizi tunafanya hivi. Baada ya kila mkutano nakili hesabu kwenye flashi mbili. Moja inabaki kwangu, nyingine inalala kwa katibu, ng'ambo ya mto, ili nyumba yangu ikiibiwa zisiende zote. Tena tunachapisha ukurasa wa jumla, watatu tunatia sahihi. Kila miezi mitatu katibu anafungua flashi yake mbele yetu, maana tuliwahi kutunza flashi iliyokufa kwa miezi minane bila kujua.

Nimeona mkono wa mama pale nyuma, na huyu kijana. Wale mliokuja na flashi, leteni hapa mezani sasa hivi kabla stima haijapotea, tuanze na ile yenye vishale.