Pampu Isingoje Kufa Ndipo Itunzwe

(Haya ni maneno ya fundi wa pampu za mkono. Alizungumza na wanakijiji waliohitimu kisomo cha watu wazima.)



Leo sikuja na spana. Nimekuja na daftari na kalamu. Najua wengine mnacheka moyoni. Mnasema, "Fundi gani huyu? Pampu itatengenezwa kwa kalamu?" Ngojeni kidogo, mtaona.

Kwanza niwaulize. Pampu ikifa, nani anaumia? Fundi haumii. Fundi anapanda baiskeli yake anarudi kwake. Anayeumia ni mama, anayeamka saa kumi alfajiri kwenda bondeni. Anaumia mtoto, anayechelewa shule. Anaumia mgonjwa wa kuhara, kwa kuwa maji ya dimbwi tunayanywa pamoja na ng'ombe.

Mwaka 1971 serikali yetu ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20. Shabaha ilikuwa kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake. Visima vingi vilichimbwa, na pampu zikafungwa. Lakini mwaka 1991 ulipofika, watu wengi walikuwa bado wanachota mabwawani. Sababu zilikuwa nyingi. Sababu moja ni hii: pampu zilifungwa, zikaharibika, zikaachwa. Watu walisema, "Pampu ni ya serikali. Serikali itakuja." Tangu sera ya maji ya mwaka 2002, gharama za kuendesha na kutunza maji ya kijiji ni zetu sisi tunaoyatumia. Basi tusingoje mtu.

Sasa tufanye hesabu. Sera hiyo ilisema kituo kimoja cha maji kihudumie watu 250, na kila mtu apate lita 25 kwa siku. Hizo ni lita 6,250. Ni ndoo zaidi ya 312 za lita 20. Tuseme ndoo moja inajaa ukipampu mara 50. Basi mpini unapanda na kushuka mara 15,600 kwa siku moja! Kwa mwaka ni zaidi ya mara milioni 5. Hebu niambieni, jembe gani linalima hivyo bila kunolewa?

Pampu yetu hapa ni aina ya Afridev. Ilitengenezwa kwa ajili ya vijiji vya Afrika, na ilijaribiwa Malawi na Kenya katika miaka ya 1980. Kazi yake nyingi hufanywa kwa spana moja tu. Kuna vitu vitatu vinavyochakaa upesi. Cha kwanza ni bushi za plastiki, pale mpini unapochezea. Cha pili ni mpira wa pistoni, unaovuta maji juu. Cha tatu ni mpira wa vali ya chini, unaozuia maji yasirudi kisimani. Vyote ni vidogo. Lakini usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Niliitwa kijiji kimoja. Pampu yao ilikuwa inalia, kwii, kwii. Watu walizoea. Watoto walikuwa wanaiigiza wakicheza. Bushi zilikuwa zimekwisha, na chuma kilikuwa kinasuguana na chuma. Nilipofika, tundu la chuma lilikuwa limelika, limekuwa pana. Bushi mpya hazikushika tena. Ilibidi kununua kichwa kizima cha pampu, na fedha hawakuwa nazo. Akina mama walirudi bondeni msimu mzima wa kiangazi. Ndugu zangu, pampu ilisema mapema kwamba inaumwa. Hakuna aliyesikiliza, wala hakuna aliyeandika.

Ndiyo maana nimekuja na daftari. Sikilizeni sasa.

Kila siku, fagieni sakafu ya saruji. Zibueni mfereji, maji yaliyomwagika yaende mbali. Ng'ombe wasikanyage hapo. Watoto wasining'inie kwenye mpini.

Kila wiki, kazeni nati zilizolegea. Tazameni kama saruji ina ufa, kwa sababu maji machafu hupita kwenye ufa yakarudi kisimani.

Kila mwezi, fanyeni majaribio mawili. La kwanza: acheni pampu ipumzike nusu saa, kisha pampuni. Ikizidi mara 5 kabla ya maji kutoka, vali ya chini inavuja, au bomba limetoboka. La pili: maji yakishatoka vizuri, wekeni ndoo ya lita 20, hesabuni mpaka ijae. Andikeni tarehe na hesabu. Kama mwezi wa kwanza ni 50, wa pili 52, wa tatu 65, basi mpira wa pistoni unakwisha. Msingoje ifike 100.

Kila mwaka, badilisheni mipira na bushi, hata kama maji bado yanatoka. Fanyeni hivyo kabla ya kiangazi kuanza. Mkifungua pampu, vifaa viwekwe juu ya turubai safi, si juu ya udongo. Na msipake grisi kwenye bushi za plastiki. Grisi ni ya pampu zenye mnyororo.

Mnaona sasa kazi ya kalamu? Mtu asiyesoma husikia pampu ikishakufa. Ninyi mnaojua kusoma mtaona ugonjwa kwenye daftari miezi miwili kabla.

Nyuma ya daftari hilo hilo, andikeni fedha. Nani ametoa, kiasi gani, na kimenunuliwa nini. Risiti zitunzwe. Kila mwezi mhasibu asome mbele ya mkutano. Watu hawakatai kuchanga kwa uchoyo tu. Wengine hukataa kwa sababu hawajui fedha yao ilikwenda wapi. Na nunueni mipira na bushi za akiba, zikae dukani mwa kamati, zisubiri pampu. Pampu isisubiri mpira.

Neno la mwisho. Kamati isiwe ya wanaume watupu. Anayeshika mpini kila siku ndiye wa kwanza kuhisi umekuwa mzito au umelegea. Mama huyo ashike na kalamu pia.

Haya, daftari hili hapa nawaachia. Ukurasa wa kwanza bado mweupe. Twendeni wote kisimani sasa hivi, tukahesabu, na mmoja wenu aandike. Nani atashika kalamu?