Kabla ya Kununua Kipuri cha Kompyuta
Mazungumzo na wananchi wa Mwera, Wilaya ya Pangani



Tumeombwa tuzungumze juu ya kompyuta ya mezani, ile inayounganishwa kipuri kwa kipuri au kuongezewa uwezo baada ya kutumika miaka kadhaa. Huenda mtu akaliona jambo hili kuwa la mafundi peke yao. Sivyo. Katika kata kama hii, kompyuta moja ya duka la steshenari huwahudumia wengi: mwanafunzi huombea hapo mkopo wa elimu ya juu, mzazi hufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, kijana hutuma maombi ya ajira. Mashine hiyo ikizimika siku ya mwisho ya kupokea maombi, hasara haiishii kwa mwenye duka. Na anayekosea kununua hulipa mara tatu: bei ya kipuri, nauli ya kurudi Tanga mjini, na siku za kazi zilizopotea.

Jambo la kwanza ni kutaja kazi kabla ya kutaja kipuri. Kuandika barua, kujaza fomu na kuchapa hakuhitaji kadi ya picha ya bei kubwa. Hiyo ni ya mhariri wa video, mchoraji wa majengo na mcheza michezo. Kwa kazi za ofisi, fedha huleta faida zaidi zikitumika kwanza kuondoa diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka na kuweka SSD, kisha kuongeza kumbukumbu, yaani RAM, ifikie GB 8 au, uwezo ukiruhusu, GB 16. Mara nyingi mashine inayolalamikiwa kuwa nzito imelemewa na diski, wala si kichakataji.

Jambo la pili ni vipuri kuoana. RAM ya DDR3, ya DDR4 na ya DDR5 hazibadilishani. Kila moja ina pengo lake mahali pake, na kuilazimisha ni kuvunja. Kichakataji nacho hukaa katika soketi yake tu. Soketi ya AM4 ya AMD hutumia DDR4, na AM5 hutumia DDR5 pekee. Kwa soketi ya LGA1700 ya Intel, bodi nyingine hupokea DDR4 na nyingine DDR5. Kwa hiyo jina la soketi halitoshi. Andikeni jina kamili la bodi mama pamoja na namba yake, au ipigeni picha kwa simu, kabla ya kupanda gari. Wenye kompyuta za mtumba za kampuni kubwa waangalie zaidi: nyingi zina plagi za ndani za umeme zilizotengenezwa kwa umbo la pekee, na pawa saplai ya kawaida ya dukani haitaingia.

Jambo la tatu ni umeme. Umeme wetu wa majumbani ni volti 230. Pawa saplai nyingine zina swichi nyuma yenye alama 115 na 230; ikiachwa kwenye 115 na kuchomekwa ukutani, huungua papo hapo. Kitazameni kitufe hicho kabla ya kuwasha mashine kwa mara ya kwanza. Msishawishiwe na namba kubwa ya wati iliyobandikwa juu ya kasha jepesi. Kompyuta ya ofisi isiyo na kadi ya picha ya ziada haihitaji wati nyingi. Inahitaji pawa saplai iliyotengenezwa vizuri, kwani ile mbovu ikiungua yaweza kuondoka na bodi na diski. Ongezeni UPS, ili umeme ukikatika mpate dakika chache za kuhifadhi kazi. Kumbukeni pia kwamba namba ya VA iliyoandikwa kwenye UPS si wati; wati zake huwa chache zaidi. Na kwa kuwa hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, wekeni mashine juu ya meza, mbali na dirisha lielekealo baharini, na mwambieni fundi aondoe vumbi mara kwa mara.

Jambo la nne ni kujua wakati wa kuacha. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10. Windows 11 huhitaji chipu ya usalama ya TPM 2.0 na kichakataji kilichomo katika orodha iliyokubaliwa. Kwa Intel Core, kwa kawaida ni kuanzia kizazi cha nane. Mashine ya zamani zaidi yaweza kuendelea kutumika kwa Linux, lakini kuitilia fedha nyingi ni sawa na kumshonea mtoto sare ya mwaka uliopita. Ulizeni kizazi cha kichakataji kabla ya kuuliza bei.

Jambo la mwisho ni haki yenu. Kuna SSD na flashi bandia zinazoonyesha ujazo mkubwa kuliko zilio nao. Zikijaa kupita uwezo wake wa kweli, mafaili hupotea. Ombeni zijaribiwe dukani kwa programu ya kupima ujazo. Daini risiti ya EFD iliyotaja aina ya kipuri na namba yake, si neno “vifaa” tu, na muda wa dhamana uandikwe. Maneno “mali ikishauzwa hairudishwi” hayampi muuzaji ruhusa ya kuuza bandia wala kudanganya. Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963 inakataza bidhaa bandia, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji dhidi ya maelezo ya kupotosha. Mrudieni muuzaji kwanza, mkiwa na risiti na kipuri. Akikataa, pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani, na kwa ubora wa bidhaa, Shirika la Viwango Tanzania.

Rahisi huwa ghali, na kuuliza si ujinga. Sasa tupokee maswali. Aliyekuja na namba ya bodi yake na aanze.