Manukato na Maradhi ya Presha



Nyumba ya Mwislamu haiigeni harufu nzuri. Bwana Mtume (S.A.W.) aliyapenda manukato wala hakuyarudisha alipopewa. Ibn Sina, tabibu mashuhuri aliyefariki mwaka 1037, aliandika risala nzima juu ya dawa za moyo, na vitu vya kunukia vimo. Basi si ajabu wagonjwa wa shinikizo la damu, yaani presha, wakiambiwa kuwa mafuta ya mlangilangi yatawafaa.

Mafuta hayo hayatoki mbali. Visiwani Komoro, hasa Nzwani, maua yake ya manjano huchumwa asubuhi mapema, kisha hupitishiwa mvuke kwa saa nyingi. Mvuke ukipoa, mafuta hujitenga na maji.

Je, yafaa nini? Mtu akivuta harufu impendezayo hutulia, pumzi zake zikapungua haraka, na moyo ukafuata. Uchunguzi uliopo, mwingi wake juu ya watu wachache na kwa muda mfupi, umepata mara nyingine kuwa presha hushuka kidogo. Lakini maradhi haya si ya nusu saa. Yamo usiku na mchana, aghalabu bila maumivu, yakiharibu mishipa, figo na ubongo. Mgonjwa hunusa mafuta, akalala vyema, akaamka mwepesi. Akadhani kapona, vidonge akavitia kabatini. Huyo yumo hatarini. Aliyepimwa mara kadhaa akaonekana na 140 kwa 90 au zaidi ana presha, hata akiwa anacheka.

Ayapendaye mafuta na ayatumie pamoja na dawa, si badala yake: matone mawili matatu kitambaani yatosha. Yasinywewe kamwe. Yasipakwe mwilini ila yamechanganywa na mafuta mengine, kama ya nazi, na mwenye pumu ajihadhari. Moshi wa udi katika chumba kilichofungwa ni moshi tu, hata ukinukia. Na chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Achari za karamu zetu zina lawama kubwa hapo.

Ramadhani nayo ina hesabu yake. Vidonge vingi vyaweza kupangwa vinywewe wakati wa futari au daku, lakini apangaye ni tabibu, naye aonwe kabla mwezi haujaandama.