Unga wa Mbao Usichomwe Moto: Ni Chakula cha Shamba



Leo nataka kusema nanyi habari za takataka za msitu. Mtu apitapo karibu na viwanda vya kupasulia mbao, huona malundo ya unga wa mbao, maranda na maganda ya miti. Mara nyingi vitu hivi huchomwa moto. Majivu yake yana faida kidogo, lakini sehemu kubwa ya mali iliyomo hupotea angani pamoja na moshi.

Mimi niliona uchungu kwa hasara hiyo. Nikachukua magunia kadhaa ya unga mbichi, nikauchanganya na udongo wa shamba langu siku chache kabla ya kupanda mahindi. Mahindi yaliota, kisha yakageuka manjano na kudumaa. Jirani zangu walijaza ghala. Mimi na watoto wangu tulinunua unga wa kula mwaka ule. Haraka haraka haina baraka.

Kosa langu lilikuwa nini? Mti huozeshwa na vijidudu vya udongoni visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huhitaji nitrojeni, ndiyo ile ile iyatiayo mahindi rangi ya kijani. Katika unga wa mbao, kwa kila sehemu 1 ya nitrojeni, kaboni yaweza kufika sehemu 400. Kwa hiyo vijidudu huinyang'anya ardhi nitrojeni yake, na mmea hubaki na njaa. Yafaa unga uozeshwe kwanza nje ya shamba.

Bw. Albert Howard, aliyefanya kazi Indore katika nchi ya India tangu 1924 hata 1931, alionyesha jinsi takataka za shamba na mavi ya ng'ombe zinavyogeuka kuwa mbolea njema. Nasi twaweza kuifuata njia hiyo.

Chagueni mahali penye kivuli pasipotuama maji. Tandazeni vijiti chini ili hewa ipite. Kwa kila debe 1 la unga wa mbao, tieni debe 1 la mavi mabichi ya ng'ombe, majani mabichi na udongo kidogo. Nyunyizeni maji mpaka lundo liwe na unyevu kama nguo iliyokamuliwa. Kimo chake kiwe cha kifua cha mtu. Baada ya siku chache litapata joto. Likifika digrii 55 hata 65 za sentigredi, mbegu nyingi za magugu hufa. Lipindueni kila baada ya wiki mbili, na likikauka liongezeni maji.

Lakini jihadharini: msitumie kamwe unga wa mbao zilizotiwa dawa ya mchwa.

Kazi hii yataka subira, miezi sita au hata mwaka mzima. Mbolea ikiiva huwa nyeusi, haina joto tena, nayo hunukia kama udongo wa msituni. Hiyo ndiyo mboji. Hushika maji wakati wa jua, na huzuia chakula cha mimea kisichukuliwe na mvua.

Shamba langu lile lile sasa hupata mboji kila mwaka, na mahindi yake ni ya kijani. Basi, mwenye kiwanda asichome, na mkulima asifanye haraka.